Wajina wa Kisima

Mageni Donatus hakuliiba jina la kisima kwa siku moja. Angeliiba kwa siku moja, Paskalina angempigia yowe la mwizi, watu wangetoka na marungu, na mambo yangekwisha hapo hapo. Aliliiba kidogo kidogo, kama panya anayekula gunia la mtama kuanzia chini, na kila ulipomtazama mdomo wake ulikuwa safi.

Alikuja mwaka wa sabini na nne juu ya lori la operesheni ya vijiji, pamoja na kaya nyingine hamsini na vyungu vyao, kuku wao na milango yao iliyong'olewa. Walimwagwa pale kwa sababu ya kisima. Toka hapo hadi Nyarugusu ni nusu siku kwa baiskeli, na kiangazi kikikaza hukuti maji mengine njiani ila yale ya madimbwi wanayonywea ng'ombe. Mahali penyewe palikuwa pakiitwa Kwa Mageni kabla hata huyo Mageni wa lori hajaota ndevu. Kijiji kikachukua jina la kisima, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Mwaka wa kwanza wageni wa kutoka wilayani walimwambia, "Kumbe kijiji kina jina lako!" Naye alijibu vizuri tu, lazima tumpe haki yake. Alisema, "Hapana, tumefanana majina. Mimi ni wajina tu." Mwaka wa pili, wakisema hivyo, alikuwa anacheka na kuwaongeza pombe. Mwaka wa tatu alikwisha kuwa mwenyekiti wa kijiji, ana suti ya mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Mwaka huo alianza kujibu, "Ndivyo wananchi walivyopenda. Mimi sikuwalazimisha."

Paskalina, ambaye watu walimwita Mama Anisia kwa jina la binti yake, alikisikia hicho kijineno siku anauza mbaazi mbele ya duka la ushirika. Mkono wake ulisimama ndani ya kopo la kupimia.

"Wananchi gani hao?" aliuliza kwa sauti, lakini mwenyekiti alikuwa amekwisha kuwageukia wageni, akiwaeleza jinsi alivyokuwa akiongoza ndege kule Ibadakuli. Kila mtu alijua kwamba alikuwa akifyeka majani ya uwanja.

Kisima kilichimbwa na mwanamke. Huyo mwanamke alikuwa Mageni binti Lugwisha, mama yake Paskalina, na alikichimba katika kiangazi kirefu cha mwaka arobaini na tisa, mumewe alipokwenda kwenye dhahabu akapata mke mwingine badala ya dhahabu. Binti Lugwisha naye alikuwa amefanya kazi machimboni, akivuta udongo kwa kamba, kwa hiyo aliijua ardhi kwa harufu. Alichukua sururu na debe, akaanza. Watu walimcheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili walisema ana wazimu. Mwezi wa tatu, pima saba chini, maji yalitoka, na wale waliomcheka ndio waliokuwa wa kwanza kuja na vibuyu. Hakuwafukuza. Alitaka jambo moja tu: kila mwaka, kabla ya mvua, watu wote waje kuzoa tope, na yeye ashuke kwanza.

Hayo hayakuwa majivuno. Machimboni alikuwa ameona watu wakifa kwa hewa mbaya iliyolala chini ya shimo, na alisema aliyechimba ndiye anayepaswa kuijaribu hewa kabla ya watoto wa watu. Alishuka na koroboi inayowaka. Taa ikizimika, anapanda. Taa ikikaa, wa juu wanauliza, "Nani huko chini?" naye anajibu, "Mageni!" ndipo madebe yashushwe na kazi ianze. Miaka ilivyokwenda, jambo hilo likawa na nguvu zake. Watu wakaamini kwamba kisima kinamjua mwenye jina, na kwamba mwongo akijibu kutoka kule chini udongo utamshukia. Binti Lugwisha hakuwahi kusema hivyo. Hakuwahi pia kukanusha, kwa sababu imani hiyo ilizuia walevi kucheza na kisima.

Magoti yalipomshinda, alimfunga Paskalina kamba kiunoni, akampa koroboi. Paskalina alikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, lakini alimwuliza mama yake kama mtoto.

"Wakiniuliza niseme nani, mayu?"

"Sema Mageni. Huko chini wewe ni mimi."

Mama alikufa mwaka wa sitini na nane. Hakuwa amebatizwa, alisema padri ni mtu mwema lakini ana maswali mengi. Kwa hiyo hakuzikwa penye misalaba, alizikwa nyuma ya nyumba yake, penye ua wa minyaa. Lilipokuja lori la operesheni na wapima viwanja na kamba zao, nyumba ilibomolewa na barabara ya kijiji ikapita pale pale. Watoto wanakwenda shule juu ya kifua cha bibi huyo kila asubuhi. Hana msalaba, hana jiwe, hana cheti, hana picha. Alichoacha duniani ni shimo lenye maji na jina lililotajwa juu ya hilo shimo. Sasa hilo jina nalo lilikuwa limepata mwenyewe mpya, mwenye kalamu mbili.

Ulipotangazwa uandikishaji wa vijiji, ikaja habari kwamba mgeni rasmi atatoka wilayani kuzindua bamba la saruji kwenye mdomo wa kisima. Kazi ya kuchora maneno alipewa Mwalimu Valerian, mwalimu mkuu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko ujasiri wake. Paskalina alimkuta nyuma ya darasa, amechuchumaa juu ya saruji mbichi, ana msumari mkononi.

"Shikamoo, Mama Anisia."

"Marahaba. Nisomee."

Mwalimu alikohoa. Akasoma: "Kijiji hiki kimepewa jina la mwanzilishi wake, Ndugu Mageni Donatus."

"Rudia hapo kwa mwanzilishi."

Mwalimu alianza kujifuta saruji kwenye vidole, kimoja kimoja, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Unajua, Mama, Kiingereza kina maneno mawili katika jambo hili. Liko neno la mtu mliyefanana majina kwa bahati tu, kama sisi tunavyosema wajina. Na liko neno jingine kabisa, la mtu ambaye kitu kimepewa jina kwa sababu yake. Watu wengi huyachanganya. Kwa haki, mwenyekiti wetu ni lile neno la kwanza, na marehemu mama yako ni la pili."

"Umemwambia?"

"Mama Anisia, shule ina darasa moja lisilo na bati. Mabati yapo kwa mwenyekiti."

"Kwa hiyo Waingereza walikuachia maneno mawili," Paskalina alisema, "na yote mawili umeyatia mfukoni. Bora wangekuachia bati."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzuri, na hakuna kitu kilichomuudhi Paskalina kama watu wazuri wa aina ile, wanaokuelewa mpaka machozi yawalengalenge halafu wanaendelea kuchora.

Akaenda kwa mwenyekiti mwenyewe. Alimkuta ofisini, yaani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, chini ya kalenda ya mwaka uliopita. Alikuwa akijizoeza hotuba.

"Mageni," alimwita, bila ndugu wala mwenyekiti, "jina lile ni la mama yangu."

Mwenyekiti alitabasamu kama mtu anayempokea mtoto. "Mama Anisia, karibu. Historia ni ya wananchi wote. Sikatai kwamba marehemu alichimbachimba pale. Lakini alikuwa mtu binafsi. Hakuwa na kamati."

"Kisima kinachimbwa na kamati?"

"Maendeleo yanaletwa na kamati. Halafu, tuseme ukweli, mgeni rasmi ataulizwa huko juu, huyo Mageni ni nani? Tukimwambia ni kikongwe mmoja wa zamani, asiyebatizwa, asiye na kadi, itakuwa aibu ya kijiji. Mimi najitolea tu."

Alisema hivyo kweli. Anajitolea. Na jambo baya zaidi, Paskalina aliona kwamba hakuwa akidanganya tena. Wageni walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka siku nyingi mpaka kikaota mizizi kichwani. Alikuwa anaamini kwamba watu walikunywa maji kwa heshima yake.

"Na siku ya sherehe ni lini?"

"Jumamosi ya kuzoa tope. Nimeipanga makusudi, mgeni rasmi aone wananchi wakijitegemea."

Hapo Paskalina alimtazama vizuri. Miaka mitatu huyu mtu alikuwa kijijini, na kuzoa tope kulifanyika mara tatu, na mara zote tatu alikuwa mkutanoni. Mara ya kwanza Bugarama, mara ya pili Ushirombo, mara ya tatu hakusema wapi. Alikuwa amechukua jina la kisima na hakuwahi hata siku moja kuona kinavyosafishwa. Hakujua nani hushuka, hashuki nani, wala kwa nini.

Hasira ilimwishia Paskalina. Mahali pake kikaja kitu kilichotulia zaidi.

"Haya," alisema. "Kisima ni chako, ndugu mwenyekiti."

"Nilijua utaelewa," mwenyekiti alijibu, akarudi kwenye hotuba yake.

Jumamosi watu walijaa. Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikaonyesha mawingu, na pua yake ilikuwa imekwisha kujua mbuzi anachomewa upande gani. Bamba lilikuwa limefunikwa kwa kanga. Mwenyekiti alisema dakika arobaini. Alisema "mimi" mara nyingi kuliko "maji". Alifunua kanga, watu wakapiga makofi ya uvivu, na mgeni rasmi akasoma maneno yale kwa sauti, akamgeukia.

"Hongera sana. Si wengi wanaoheshimiwa hivi wakiwa hai."

Paskalina alikuwa amesimama karibu na gogo la mninga lililolazwa juu ya mdomo wa kisima. Kando yake alikuwa Mabula, mzee wa kamba, mchimbaji wa zamani aliyeacha vidole viwili machimboni. Huyo ndiye aliyemshusha mama, na ndiye aliyemshusha yeye miaka yote. Paskalina alitoka mbele ameshika koroboi iliyowashwa katika mkono mmoja na ncha ya kamba katika mkono mwingine. Akapiga goti kidogo kwa mgeni, kama inavyopasa.

"Shikamoo, mheshimiwa. Desturi ya kisima hiki ni kwamba mwenye jina hushuka kwanza kujaribu hewa. Bila yeye tope haliguswi." Akamgeukia mwenyekiti na kumpa koroboi kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake. "Ndugu mwenyekiti, tunakusubiri."

Wanawake walipiga vigelegele. Walipiga vikali, na kila aliyewajua aliweza kusikia kilichokuwa ndani yake.

Mwenyekiti alicheka. Akatazama watu, akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Vijana wapo," alisema. "Vijana wenye nguvu..."

"Hakuna kijana aliyewahi kumtangulia mwenye jina," Mabula alisema, akatema tumbaku. "Nami kamba yangu haitamshusha."

"Lakini huu ndio uongozi wa vitendo!" mgeni rasmi alishangilia kwa moyo wake wote. Maskini, hakuelewa lolote, na ndiyo maana alikuwa wa msaada kuliko wote. "Kiongozi wa kwanza kwenye tope! Nitaliandika hili kwenye taarifa yangu. Shuka, ndugu, shuka!"

Basi akavua viatu. Ikaonekana kwamba soksi moja ilikuwa na tundu. Mabula alimfunga kamba kiunoni, akaikaza kuliko ilivyohitajika, na mwenyekiti wa kijiji, mwongoza ndege wa Ibadakuli, mwanzilishi, akaweka mguu kwenye kikanyagio cha kwanza kilichochongwa ukutani na mwanamke asiye na kamati.

Watu walisogea wote kutazama. Kichwa kikapotea, mwanga wa koroboi ukashuka kidogo, ukasimama, ukashuka tena. Ukasimama kabisa. Hakuwa amefika hata nusu.

"Vipi hewa?" Mabula aliuliza.

"Nzuri! Nzuri sana! Nivuteni!"

"Bado. Nani huko chini?"

Wanakijiji wote walikuwa wanajua swali hilo, na wote walikuwa wanajua jibu lake, na jibu lenyewe lilikuwa jina lake halisi, alilopewa na baba yake na mama yake. Hakutakiwa kusema uongo wowote. Neno moja, na kisima kingekuwa chake mbele ya wilaya nzima. Lakini alikuwa ameambiwa, katika siku za kuelekea sherehe, na watu zaidi ya mmoja waliokuwa na huruma ya kinafiki, udongo huwafanya nini waongo kule chini. Mikutanoni alikuwa anaiita imani potofu. Mikutano haikufanyika pima tatu chini ya ardhi.

"Nani huko chini?" Mabula aliuliza tena.

Mgeni rasmi, aliyetaka kuona vizuri, alisogeza kiatu chake chenye mawingu mpaka ukingoni. Kokoto mbili na kidonge cha udongo vikaanguka.

"Yaya!" Sauti ilipanda kutoka shimoni, kubwa mara tatu kuliko ilivyoingia. Kiswahili cha hotuba kilikuwa kimemtoka, amebaki na cha kwao, ambamo hapana ni yaya. "Yaya! Yaya! Si mimi! Mama, si mimi! Ni yule mwanamke, mama yake Paskalina, ndiye aliyechimba! Mimi nilikuja na lori! Nivuteni, jamani, mimi ni wajina tu!"

Koroboi ikaanguka majini. Walisikia ikilia *chwii*.

Mabula alimvuta polepole, bila haraka yoyote. Alipotokeza, suti yake ilikuwa na tope mgongoni, na kalamu mbili hazipo. Hadi leo ziko humo humo, hata ile iliyokuwa inaandika. Hakuna aliyemzomea. Kumzomea kungekuwa kumpunguzia. Walimtazama tu, watu mia tatu, mpaka akapata mahali pa kukaa chini.

"Sasa," mgeni rasmi alisema, akikunja uso, "huyu mwanamke ni nani?"

Mwalimu Valerian ndiye aliyejibu. Alipita mbele, akasema yote: sururu, debe, kiangazi, miezi mitatu, hata barabara iliyopita juu ya kaburi. Alisema vizuri sana. Paskalina alimsikiliza akiwa na dharau ile ile, kwa sababu ujasiri uliokuja baada ya mwenyekiti kuvutwa juu haukuwa na bei kubwa sokoni. Lakini alimshukuru pia, ndani ya dharau hiyo.

"Basi bamba lirekebishwe," mgeni rasmi aliamua, akatazama upande wa mbuzi. "Na tope lizolewe."

Koroboi nyingine ikaletwa. Paskalina alivua kandambili, akafunga kanga kiunoni, akashika kikanyagio cha kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kusema maneno ya goti la mama yake. Alihesabu vikanyagio kama alivyofundishwa. Chini, maji yalimfika kwenye mashavu ya miguu, ya baridi. Taa ilikaa.

Juu, mbali, alisikia *ko, ko, ko*: mwalimu na tindo lake, wanamtoa Donatus kwenye saruji. Neno "Mageni" alikuwa ameambiwa aliache palepale lilipo. Alisikiliza kila pigo. Tangu wapima viwanja wapite na kamba zao juu ya mama yake hakuwa amelia, kwa kuwa hakutaka kuwapa watu wale machozi yake. Sasa, mahali ambapo hakuna aliyemwona, alilia, na alikuwa na furaha, na alikuwa na hasira bado.

Kamba ilitikiswa. Lakini safari hii iliyouliza haikuwa sauti ya Mabula. Mabula alikuwa ameona kwamba mtu mmoja pale amekaa bure, akampa kamba aishike na swali alitamke. Sauti ilikuwa nyembamba, haina hata "mimi" moja ndani yake.

"Nani huko chini?" aliuliza Mageni Donatus.

Paskalina alipangusa uso kwa mkono wenye tope. Hakuharakisha. Akamwacha angoje, ameshika kamba, mbele ya watu wote.

"Mageni," akajibu.